Kitanda Kwanza, Gari Lisilo na Dereva Baadaye

Mapema mwaka huu, katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, wajumbe wa kamati ya mipango waligawiwa andiko la kurasa chache kuhusu moshi wa magari yanayoleta wanafunzi na walimu chuoni asubuhi na kuwarudisha makwao jioni. Lilipendekeza mambo mawili. Kwanza, masomo mengi kadiri iwezekanavyo yahamie mtandaoni. Pili, chuo kijiandae kwa magari ya umeme yanayojiendesha, yatakayomfuata mwanafunzi mlangoni kwake na kumshusha penye ukumbi wa mihadhara.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa miongoni mwa wajumbe hao. Lengo la andiko aliliunga mkono kwa moyo wote. Lakini kadiri mtoa mada alivyobadilisha picha ukutani, ndivyo mwandishi alivyozidi kukumbuka safari zake mwenyewe za darasani, maana amepanda karibu kila chombo kilichotajwa siku ile, na vingine ambavyo havikutajwa. Safari hizo zimemwachia msimamo mmoja: chuo kinachotaka kupunguza moshi kianze na mahali anapolala mwanafunzi na namna ratiba inavyopangwa, kifuate na basi, na gari lisilo na dereva lisubiri zamu yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipata nafasi katika chuo kilichokuwa upande wa pili wa jiji, ila chumba hakikupatikana. Akafikia kwa mama yake mdogo, Mbagala Rangi Tatu. Alitoka nyumbani adhana ya alfajiri ikisikika, akapanda daladala ya Kariakoo, akashuka na kugombania nyingine ya Ubungo, na kutoka hapo akatafuta ya tatu. Wenye nguvu waliingilia dirishani. Aliyekwama mlangoni aliambiwa na konda, "Dada, sogea, nyuma kweupe," hata kama nyuma hapakuwa na pa kuweka mguu. Siku za mvua daladala ilikatisha ruti, abiria wakashushwa njiani, wakaanza upya kutafuta gari na nauli. Foleni iliposimama Magomeni, moshi wa dizeli uliingia madirishani na watoto wa shule wakaziba pua kwa mashati.

Kipindi cha saa moja asubuhi alikifikia mara nyingi kikiwa katikati. Kipindi kingine cha siku hiyo hiyo kilipangwa saa kumi jioni. Katikati ya hapo alikaa chini ya mwembe pamoja na wenzake waliotoka Gongo la Mboto, Tegeta na Kimara, kwa kuwa kwenda nyumbani na kurudi kusingewezekana. Mtu aliyepanga ratiba ile alitazama vyumba vya madarasa vilivyokuwa wazi, na bila shaka alifanya kazi yake kwa uaminifu. Safari ya mwanafunzi haikuwa sehemu ya hesabu yake.

Hata hivyo, daladala ile iliyojaa pomoni ina haki ya kuhesabiwa sawasawa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Coaster inayokwenda kilomita 6 kwa lita hutoa basi kama gramu 450 kwa kila kilomita, na ikiwa na abiria 30, fungu la kila mmoja ni gramu 15. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita, likiwa na mtu mmoja, humbebesha mtu huyo peke yake gramu 230 hivi. Mwanafunzi wa Mbagala aliyesimama kwa mguu mmoja mlangoni alikuwa akichafua anga kidogo sana kuliko mhadhiri aliyefika na gari lake. Alicholipa ni usingizi, afya na vipindi alivyovikosa. Injini chakavu humwaga masizi yanayoingia mapafuni, na masizi hayo hayaonekani katika hesabu ya hewa ya ukaa. Tangu hapo mwandishi huwa makini mtu anapozungumza juu ya kupunguza moshi wa wanafunzi, kwa sababu wengi wa wanafunzi hao hawana gari la kuliacha nyumbani.

Palikuwa na mwenzao mmoja wa mwaka wa pili aliyetumia kiti cha magurudumu. Asubuhi nyingi walimkuta kituoni Ubungo. Daladala zilipunguza mwendo, konda akamtazama, kisha akagonga bodi dereva aondoke, kwa kuwa kumpakia kungechelewesha gari. Wanafunzi walipokuwa wengi walimbeba yeye na kiti chake wakamwingiza. Walipokuwa wachache, kijana yule alibaki pale, vitabu vikiwa mapajani, mpaka apatikane mtu wa kumpa msaada. Mwandishi atamtaja tena mbele, maana bila yeye hoja ya magari yanayojiendesha haiwezi kupimwa kwa haki.

Muhula wa pili rafiki yake mmoja alimkaribisha bwenini, wakabebana kitanda kimoja cha chuma chenye godoro jembamba. Chumba cha watu wawili kililaza wanne. Maji yalipanda ghorofani kwa ndoo. Lakini kipindi cha saa moja asubuhi sasa kilikuwa mwendo wa miguu, na maktaba ilifungwa usiku yeye akiwa ndani. Katika maisha yake ya masomo hakuna hatua nyingine iliyopunguza safari zake kiasi hicho, na haikuhitaji intaneti wala betri.

Waasisi wa elimu ya juu nchini walilijua jambo hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kule kilipangwa kama mji wa kuishi: mwanafunzi alale, ale na asome kwenye kilima kimoja. Idadi ya wanafunzi nchini ilipopanda kwa kasi, mabweni ya vyuo hayakupanda nayo, na maelfu ya vijana wakatawanyika kupanga vyumba mitaani. Aprili 2017 pale Mlimani zilizinduliwa hosteli za Magufuli, zenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Magazeti yaliziandika kama habari ya ujenzi na gharama, nayo ilistahili kuandikwa hivyo. Lakini chukua mfano kwamba kila mmoja wa wanafunzi hao angesafiri kilomita 15 kuja na 15 kurudi: ni zaidi ya kilomita 115,000 za abiria zilizoondolewa barabarani kwa kila siku ya masomo. Mwandishi anazihesabu hosteli zile kuwa mradi mkubwa wa mazingira, ingawa yeye hajausikia ukiitwa hivyo.

Kuhusu kusomea mbali, alijifunza kwanza kwa kaka yake, kabla simu za kuperuzi hazijafika kijijini. Kaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ruvuma, ana mke na watoto, na hakuwa na namna ya kuacha kazi aende Dar es Salaam kwa miaka mitatu. Alijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho kiliundwa kwa Sheria namba 17 ya mwaka 1992, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wake wa kwanza, na wanafunzi wa mwanzo walianza masomo mwaka 1994. Kaka alipata vitabu vya mwongozo vilivyochapwa, akasoma usiku kwa taa ya chemli baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu, na alisafiri kwenda kituo cha mkoa wakati wa mitihani na vipindi vya ana kwa ana. Shahada aliipata akiwa bado na chaki mkononi. Likizo zilipowakutanisha kwa wazazi, mwandishi alilinganisha nauli zake za muhula na za kaka yake, akaona kaka ametumia sehemu ndogo tu.

Miaka mingi baadaye alisoma utafiti uliomkumbusha chemli ile. Mwaka 2005 watafiti wa Open University ya Uingereza, wakiongozwa na Robin Roy, walilinganisha kozi za kawaida za chuoni na kozi za kusomea mbali. Walikuta kozi za kusomea mbali zilitumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 90, na hewa ya ukaa ilipungua kwa asilimia 85 kwa kila mwanafunzi. Sababu kubwa zilikuwa safari zilizokwepwa, nyumba za ziada ambazo wanafunzi hawakuzihitaji, na majengo ya chuo ambayo hayakulazimika kuwapo. Lakini watafiti hao walipopima kozi za kompyuta dhidi ya zile za vitabu vya posta, tofauti ilikuwa ndogo: nishati ilipungua kwa asilimia 20 na hewa ya ukaa kwa asilimia 12 tu. Faida kubwa ilitokana na mwanafunzi kubaki kwake. Kama somo linamfikia kwa karatasi, redio au kioo cha simu, hilo ni jambo la pili. Kenya nayo imeingia katika njia hii: Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023, makao yake yakiwa Konza.

Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga vyuo vya Tanzania. Mwandishi alikuwa tayari mwalimu. Alirekodi mihadhara kwa simu akiwa chumbani, akaituma katika kundi la WhatsApp vipande vipande, maana faili refu lilikataa kwenda. Majibu yalikuja kwa nyakati za ajabu. Kijana mmoja wa Kasulu aliandika saa nane usiku kwamba bando la usiku ndilo analolimudu. Binti mmoja alisema mtandao unapatikana kisimani tu, na kisimani huwezi kukaa saa nzima na simu wakati wenzako wanasubiri zamu. Mwingine alikiri kwa upole, "Mwalimu, mimi nikiwa nyumbani ndiye ninayepika na kulea, nasikiliza nikiwa na mtoto mgongoni." Wa uhandisi na maabara hawakuwa na cha kusikiliza, darasa lao ni mashine na mirija, navyo vilikuwa vimefungiwa chuoni.

Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020, na wanafunzi wakarudi kwa furaha ambayo mwandishi hajapata kuiona tena siku ya kufungua chuo. Duniani kote hewa ya ukaa itokanayo na nishati ilipungua mwaka ule kwa zaidi ya asilimia 5, kisha mwaka uliofuata ikapanda tena. Mwandishi alitoka katika miezi ile akiamini kwamba kusomea mbali ni kuzuri kwa aliyekuchagua na kuandaliwa kwa ajili yake, kama kaka yake wa Ruvuma aliyekuwa na mshahara, vitabu na kituo cha mkoa. Kwa kijana wa miaka 19 asiye na kompyuta wala meza, chuo kinapomwambia asomee nyumbani kinamhamishia gharama za umeme, bando na mahali pa kukaa. Akikaa nyumbani moshi unapungua kweli, lakini ukipunguzwa kwa kumwangusha mtihani, taifa limepata hasara.

Mwishoni mwa mwaka 2023 alialikwa kwa muda Tempe, katika jimbo la Arizona, Marekani, penye kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Mji wa jirani, Phoenix, ulikuwa umetoka kupitia siku 31 mfululizo za joto la nyuzi 43 au zaidi, na wenyeji walilizungumzia joto lile kwa hofu. Huko ndiko alikopanda kwa mara ya kwanza gari lisilo na dereva. Kampuni ya Waymo ilikuwa imewafungulia watu wote huduma hiyo katika eneo la Phoenix tangu Oktoba 2020. Gari jeupe la umeme, Jaguar, lilikuja na kamera na vitambuzi vikizunguka juu ya paa, likasimama pembeni, mlango ukafunguka kwa simu. Usukani ulijizungusha wenyewe. Lilimpisha mwendesha baiskeli, likasubiri taa, likamfikisha salama. Aliposhuka, liliondoka likiwa tupu kumtafuta abiria mwingine.

Jioni moja nje ya maktaba alimwona mwanafunzi asiyeona akishika fimbo yake nyeupe, akaingia katika gari kama lile bila kumwomba mtu yeyote na bila kutazamwa na konda. Mwandishi alimkumbuka mwenzao wa Ubungo. Kwa watu wa namna hii, na kwa msichana anayetoka maabara usiku wa manane, chombo hiki ni ukombozi wa kweli, na atakayekipinga bila kuwafikiria hawa hatendi haki.

Teknolojia hii ilifika hapo kwa gharama. Machi 18, 2018, mjini humo humo Tempe, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke wa miaka 49 aliyekuwa akivuka barabara usiku akikokota baiskeli. Mtu wa kulisimamia alikuwamo ndani ya gari. Kampuni hiyo ikasitisha majaribio yake Arizona.

Swali la moshi ni jingine, na hapo ushahidi unaelekea upande ambao andiko la kamati halikuutazama. Kikundi cha watafiti wa California, akiwamo Joan Walker wa Berkeley, kilitaka kujua watu watafanya nini wakiwa na gari linalojiendesha. Kiliwapa washiriki 13 madereva wa bure wa kuwatumikia, mfano wa gari lisilohitaji mwenyewe kushika usukani. Umbali wa magari yao ulipanda kwa asilimia 83. Watu walienda mbali zaidi, walitoka zaidi usiku, na waliyatuma magari bila wenyewe kuwamo. Mwaka 2023 watafiti wa MIT wakaongeza hesabu nyingine: magari bilioni moja ya aina hii, kila moja likitembea saa moja kwa siku na kompyuta yake ikila wati 840, yangezalisha gesi joto kwa kiasi kinachokaribia kile cha vituo vyote vya data duniani kwa wakati huo.

Na chuo kile cha Arizona chenyewe? Kilifikia mwaka 2019 lengo la kufuta hewa ya ukaa inayotokana na majengo yake na umeme kinaoununua, lakini safari za watu wake kilizipa muda mrefu zaidi, hadi 2035. Asubuhi wanafunzi wengi ambao mwandishi alikutana nao walishuka kwenye reli nyepesi, iliyoanza kupita pale Desemba 2008, au walitembea kutoka vyumba vya jirani. Kila behewa lililosimama liliteremsha darasa zima.

Umeme unaochaji gari una uzito wake pia. Gari dogo la umeme hutumia karibu uniti 0.2 kwa kilomita. Umeme ukitoka kwenye mtambo wa gesi asilia, uniti moja huleta gramu 400 hadi 500 za hewa ya ukaa, kwa hiyo kilomita moja ni gramu 80 hadi 100. Abiria mmoja katika gari hilo anachafua mara kadhaa zaidi kuliko yule wa Coaster iliyojaa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Dar es Salaam ilitokana na gesi ya Songo Songo iliyochomwa Ubungo. Hali imeanza kubadilika: Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mashine ya kwanza mwaka 2024, na kufikia 2025 mashine zote tisa zilikuwa tayari. Kenya imetangulia, kwani takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Mwandishi alipopita Nairobi alipanda basi la umeme, moja ya yale ambayo kampuni ya BasiGo ilianza kuyaingiza mjini mwaka 2022. Abiria walikaa kila mtu na kiti chake, hakuna moshi, hakuna mngurumo. Umeme huohuo ungeweza kuendesha magari madogo ya watu wachache. Hapa ulisukuma basi lililojaa.

Kwa hiyo katika kamati mwandishi alisimama akasema mambo ambayo hayana mng'ao wa picha za ukutani. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kutoka Kimara kwenda mjini, na Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Pale njia ya mabasi hayo inapopita karibu na chuo, kilichobaki ni kipande cha mwisho kutoka kituoni mpaka darasani: njia ya miguu yenye kivuli na taa, na mabasi madogo ya umeme yenye ngazi ya kushuka kwa viti vya magurudumu. Katika kipande hicho kifupi, ndani ya kampasi, ndipo anapoona gari linalojiendesha likianza siku moja, kwa wenye ulemavu na kwa saa za usiku. Ratiba nayo ibadilishwe: vipindi vya mwanafunzi mmoja vikusanywe katika siku tatu au nne, na mihadhara ya kusikiliza tu iwekwe mtandaoni siku zinazobaki, chuo kikimlipia bando. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye kompyuta na nia njema, basi. Fedha zitakazopatikana zijenge vitanda.

Mjumbe mmoja mwenye umri mkubwa alimuuliza kama haogopi kuonekana anapinga maendeleo. Mwandishi alimjibu kwa heshima, "Hapana, mzee wangu. Nataka yamfikie na yule wa Mbagala."

Ombi lake kwa wakuu wa vyuo na serikali za wanafunzi ni jepesi kutekeleza. Mwaka mpya wa masomo utakapofunguliwa, fomu ya usajili iongezwe maswali matatu: unalala wapi, unapanda nini kuja chuoni, na unalazimika kuja siku ngapi kwa wiki. Majibu yatangazwe hadharani kabla ya fedha yoyote kutengwa kwa ajili ya magari.